Namna ya Kuandika Jiografia na Historia ya Wilaya ya Milima yenye Misitu

Mtu anayefungua bomba la maji Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, hupokea maji yaliyotoka msituni. Mvua huangukia milima ya Usambara Mashariki, hukaa kwanza katika majani yaliyooza na katikati ya mizizi, kisha hushuka kidogo kidogo hadi Mto Zigi, na mto huo huzuiwa katika bwawa la Mabayani kabla ya maji kusafishwa na kuletwa mjini. Naanza na bomba hili kwa sababu ndilo lililonifundisha, baada ya miaka ya kufundisha jiografia hapa Tanga, kwamba habari ya wilaya ya milimani haianzi ofisini kwa mkuu wa wilaya. Huanza pale mvua inapogusa mteremko.

Maandiko mengi juu ya wilaya zetu hufungua kwa idadi ya tarafa, kata na vijiji, yakaendelea na orodha ya viongozi, yakamalizia na mazao. Msomaji hufika ukurasa wa tatu akiwa bado hajui kwa nini watu walikaa pale walipokaa, wala kwa nini msitu umebaki upande mmoja wa mlima na kutoweka upande wa pili. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mwanafunzi, mtendaji wa kata au mzaliwa wa milimani aishiye mjini, ambaye angependa kuandika maelezo yatakayojibu maswali hayo. Mifano yangu mingi naitoa Lushoto na Muheza, wilaya za milima ya Usambara, kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini kuelekea mwisho nitaonyesha jinsi njia hiyo hiyo inavyofaa kwa wilaya iliyo mbali sana nasi, katika milima ya kaskazini mashariki ya Uturuki.

Anza na maji na mteremko

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, tafuta ramani ya kontua ya wilaya yako, yaani yenye mistari ya kuonyesha kimo cha ardhi. Ramani za kipimo cha 1:50,000 zinatosha kabisa. Chukua penseli ya rangi ya buluu, fuata kila mto kutoka mdomoni mwake hadi chanzo chake, na uweke alama pale unapoanzia. Katika Usambara utagundua jambo ambalo wengi waliozaliwa huko hawajapata kulitazama kwa mara moja: maji ya milima hii yanagawanyika katika pande tatu. Zigi hushuka mashariki na kuingia baharini kaskazini mwa mji wa Tanga. Lwengera na Mkomazi huungana na Mto Pangani, ambao wenyeji wa sehemu za juu huuita Ruvu. Umba hutoka Usambara Magharibi, huelekea kaskazini mashariki, na hatimaye huvuka mpaka na kumwaga maji yake upande wa Kenya. Kwa hiyo anayekata msitu karibu na chanzo cha Umba anagusa kisima cha mtu wa nchi nyingine, na jambo hilo linastahili kuandikwa mapema katika maelezo yako.

Baada ya mito, tazama upepo. Sisi watu wa pwani tunazo kusi na kaskazi, na hatuna haja ya kuazima maneno mengine. Upepo unaotoka baharini ukiwa umebeba unyevu hukutana kwanza na Usambara Mashariki, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana Amani, iliyo kwenye kimo cha karibu mita 900, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Lushoto, ulioko ndani zaidi na juu zaidi, kwa kimo cha mita 1,400 hivi, hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 tu. Ukivuka hadi ukingo wa magharibi na kutazama chini kutoka Irente au Mtae, unaona tambarare kavu ya Mkomazi, ambako upepo hufika ukiwa umekwisha kutua mzigo wake. Tofauti hiyo ya umbali wa kilomita chache imeamua aina ya miti, aina ya chakula, na hata aina ya ugomvi kati ya watu.

Upo ukweli mmoja juu ya udongo ambao hukosewa mara nyingi. Wanafunzi wangu hudhani kwamba kila mlima wenye rutuba ni volkano kama Kilimanjaro. Usambara si volkano. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, nayo ni miamba ya kale mno iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, kisha ikainuliwa kwa mipasuko. Udongo wake mwekundu umeoshwa na mvua kwa muda mrefu sana, na rutuba yake nyingi iko katika tabaka jembamba la juu ambalo msitu wenyewe hulitengeneza kila mwaka kwa majani yake. Ukiuondoa msitu, rutuba hiyo haidumu. Shika jambo hili vizuri, kwa sababu litakueleza baadaye kwa nini walowezi wa Kijerumani waliofyeka misitu ya Usambara Mashariki katika miaka ya 1890 ili kupanda kahawa walivuna vizuri mwanzoni, kisha mashamba yao yakadhoofika upesi, na kushuka kwa bei ya kahawa duniani kukayamaliza.

Panda kwa basi, shuka kwa miguu

Safari ya kwanza isiwe ya kuhoji watu. Iwe ya kutazama tu. Ukitoka Tanga kwenda Lushoto utapita Muheza na Korogwe ukiwa katikati ya mashamba ya mkonge, kisha utafika Mombo, ambako joto la bondeni hukufanya ufungue dirisha la basi. Kutoka hapo barabara hupanda kilomita zipatazo 33, ikikata ukuta wa mlima, ikipita Soni na maporomoko yake, hadi Lushoto. Beba kipimajoto cha kawaida. Soma joto Mombo, soma tena Soni, soma tena Lushoto, na uandike saa ya kila kipimo. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, nawe utaiona kanuni hiyo ikitimia mkononi mwako katika muda wa saa moja na nusu hivi. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo kwa macho yake hataandika tena kwamba "Lushoto ni sehemu ya baridi" bila kusema kwa nini.

Kushuka, ikiwezekana, shuka kwa miguu kwa njia za zamani za wenyeji. Kwa mwendo wa miguu utaona jinsi mimea inavyobadilika mpaka kwa mpaka, na utaelewa mgawanyo ambao Washambaa wenyewe waliutaja kwa maneno mawili: Shambaai, yaani nchi ya juu yenye ubaridi, migomba na mvua ya kuaminika, na nyika, yaani nchi ya chini yenye joto, wanyama wakali na mvua ya kubahatisha. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, na si kwa sababu ya kupendeza kwa mandhari. Familia iliyokaa ukingoni iliweza kuwa na migomba yake juu na mahindi yake chini, ili mwaka ambao upande mmoja umeshindwa, upande wa pili uwalishe. Mtu anayechora ramani ya vijiji hivyo na kuilinganisha na mistari ya kontua anaiona akili ya wakulima hao bila kuhitaji maelezo marefu.

Usome msitu kama daftari la kumbukumbu

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Watu wengi huandika kwamba wilaya yao "ina misitu minene ya asili" na kuendelea na mambo mengine, ilhali msitu ndio shahidi mkubwa kuliko wote. Kila mti una tarehe yake ya kufika, au sababu yake ya kubaki.

Ingia msituni pamoja na mwenyeji anayeijua miti kwa majina ya Kishambaa, baada ya kupata kibali cha ofisi ya misitu pale panapohitajika, kwani Amani na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia. Gawa miti unayoonyeshwa katika makundi mawili: iliyokuwapo na iliyoletwa. Miongoni mwa iliyokuwapo utaonyeshwa mkulo, ambao ni mti mkubwa wa mbao wenye harufu ya kafuri; mwangati, unaopenda upande mkavu wa Shume; na, kwa upande wa Muheza, msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Miongoni mwa iliyoletwa utaona mikaratusi, miwati, mgrevilea, na misaji ya Longuza iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Mistari ile ni maandishi. Inakuambia kwamba hapa serikali au mlowezi aliamua, na kwamba kabla ya uamuzi huo palikuwa na kitu kingine.

Amani ni mfano mzuri kuliko wote. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda mamia ya aina za miti kutoka pembe zote za dunia ili kujua ipi ingefaa kwa biashara. Mti mmojawapo ulioletwa katika milima hiyo ni ule uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, ambao asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi na ukanda wa Ziwa Victoria. Matunda yake yaliwapendeza hondohondo, na ndege hao wakazieneza mbegu zake msituni, hasa katika nafasi zilizoachwa wazi na ukataji wa mbao ulioendelea hadi miaka ya 1980. Leo mti huo umeenea katika sehemu kubwa ya msitu wa Amani. Kwa mwandishi, hadithi hii ya mti na ndege inaunganisha ukoloni, biashara ya mbao na tabia ya msitu katika aya moja, jambo ambalo sura nzima ya tarehe haiwezi kulifanya.

Usiache pia mambo madogo. Lile ua la rangi ya zambarau linalopandwa madirishani Ulaya lilipelekwa Ujerumani kutoka milima yetu mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Wenyeji walilijua ua hilo kabla hajazaliwa. Uliza jina lao, na uliandike la kwanza.

Majina ya mahali

Orodhesha majina yote ya vijiji, vilima na mito, kisha tafuta jinsi yalivyoandikwa zamani. Lushoto katika ramani za Kijerumani ni Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Mlalo, ambako wamisionari wa Kilutheri walifungua kituo mwaka 1891, iliitwa Hohenfriedeberg. Na Vuga, iliyokuwa makao ya wafalme, huandikwa Fuga na Burton, msafiri Mwingereza aliyefika huko pamoja na mwenzake Speke mwaka 1857. Usipoyajua majina haya, unaweza kupita juu ya habari za kijiji chako mara kumi bila kutambua kwamba ndicho kinachozungumzwa. Majina mengine ya Kijerumani hayakuondoka. Jaegertal bado lipo midomoni mwa watu wa Lushoto.

Majina huonyesha pia ni nani walioishi pamoja. Wambugu, ambao walikuwa wafugaji wa sehemu za juu, wana lugha ambayo wataalamu huitazama kwa mshangao, kwa sababu sarufi yake ni ya Kibantu na msamiati wake kwa sehemu kubwa ni wa Kikushi. Ukiandika wilaya ya Lushoto kana kwamba ni ya Washambaa peke yao, umewafuta watu.

Wazee na karatasi

Historia ya milima hii ina bahati moja isiyopatikana kila mahali: imeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewajua wahusika kwa karibu. Habari za Wakilindi, aliyoiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy na ambayo chapa yake ya 1962 bado inapatikana katika baadhi ya maktaba, inasimulia jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alivyowaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, na hatimaye akapewa utawala huko Vuga. Kutoka kwake ukatokea ukoo wa Wakilindi, na mfalme akawa akiitwa Simba Mwene. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi mwaka 1862, alieneza mamlaka yake kutoka milimani hadi pwani, na ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852.

Lakini soma habari hizo kwa kuuliza ni nani anayesimulia na amekaa wapi. Hadithi ya Mbegha kama inavyosimuliwa Vuga inaeleza kwa nini Wakilindi walistahili kutawala. Ukishuka kwa Wabondei, majirani wa upande wa Muheza, utasikia habari ya Kiva, yaani jinsi walivyowainukia watawala wa Kikilindi baada ya Kimweri kufariki. Ukienda Mazinde, utasikia habari za Semboja, mtoto wa Kimweri, aliyeacha milima na kukaa tambarare penye njia ya misafara, akapata bunduki, na kwa bunduki hizo akaiyumbisha Vuga. Tazama jinsi jiografia inavyorudi hapa: alipokuwa mfalme anatawala kwa mvua na kwa kodi ya mazao, mahali pa nguvu palikuwa juu; biashara ya pembe na watumwa ilipokua, nguvu ilihamia chini, barabarani. Mwandishi anayeandika simulizi moja tu kati ya hizi tatu hajaandika historia ya wilaya. Ameandika madai ya upande mmoja.

Unapokwenda kwa wazee, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji ukiwa na barua ya utambulisho. Kwa mzee mwenyewe, shikamoo hutangulia kila kitu, na ukiweza kumwambia "onga mshi" kwa Kishambaa kabla ya kuingia katika Kiswahili, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa. Usimwulize, "Mzee, historia ya msitu huu ni ipi?" Hilo ni swali la mtihani, na atakupa jibu la mtihani. Mwulize, "Babu, ulipokuwa unachunga mbuzi, mpaka wa msitu ulikuwa wapi?" Kisha mwombe mtembee hadi pale. Mwulize bibi alikuwa akiokota kuni wapi na alitumia muda gani, na sasa wajukuu wake huokota wapi. Majibu hayo unaweza kuyapima kwa hatua na kuyaweka kwenye ramani.

Wazee wengi hawataji miaka, nawe usiwalazimishe. Tengeneza kalenda ya matukio unayoyajua kwa hakika, na umwombe akuambie jambo lake lilitokea kabla au baada ya lipi. Kwa Usambara, kalenda yangu ni hii: reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe 1902 na Mombo 1905, Waingereza waliwaondoa Wajerumani katika milima hiyo Juni 1916, kazi ya matuta ya kuzuia mmomonyoko ilianza Mlalo 1946, uhuru ulipatikana 1961, mamlaka ya machifu yalifutwa 1963, vijiji vya ujamaa vilifuata katika miaka ya 1970. Kwa wazee waliopo leo, matuta na ujamaa ndiyo nguzo zinazofaa zaidi, na yaliyotangulia watayasema kwa kauli za wazazi wao.

Uliza ni nani aliyeamua juu ya mteremko

Baada ya kukusanya yote hayo, utahitaji swali moja la kuyashona pamoja, na mimi sijapata lililo bora kuliko hili: katika kila kipindi, ni nani aliyekuwa na haki ya kusema mti huu ukatwe, shamba hili lilimwe, na mvua hii ni ya nani?

Wakati wa Wakilindi, mfalme aliaminika kuwa na dawa ya mvua, na Washambaa walikuwa na maneno ya kupima utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Utawala wa Kijerumani ulitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola, na kwa tangazo hilo misitu na mashamba yaliyopumzishwa yakageuka kuwa ya serikali au ya walowezi. Huko Shume, kampuni ya mbao ilijenga njia ya waya ya kuteremsha magogo ya mwangati kutoka juu ya mlima hadi Mkumbara, karibu na reli, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Simama Mkumbara, inua macho hadi ukingo wa mlima, na utaelewa ni nguvu kiasi gani iliyotumika kuuteremsha msitu.

Waingereza, kwa upande wao, waliingiwa na hofu ya mmomonyoko. Mradi ulioanza Mlalo mwaka 1946, na baadaye ukapanuliwa, uliwataka wakulima wajenge matuta katika mashamba yao ya mteremko, kwa amri na kwa adhabu. Katika karatasi za serikali, mradi huo ulikuwa wa kuokoa udongo. Kwa akina mama, walioifanya sehemu kubwa ya kazi ya jembe, ulikuwa siku nyingi za mgongo kuinama bila nyongeza ya chakula, na kwa wenye vishamba vidogo ulikuwa tishio la kupoteza ardhi yenyewe. Upinzani ulikua mpaka mradi ukaachwa kabla ya uhuru, na hasira yake iliipa TANU wanachama wengi milimani. Hapa ndipo utakapoona faida ya kusikiliza pande mbili: mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na dhuluma ilikuwa ya kweli. Usiufute mmoja kwa ajili ya mwingine.

Nilipoandika rasimu yangu ya kwanza juu ya Mlalo, nilitegemea mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, nikaandika kwamba wanaume ndio waliojenga matuta. Rasimu iliposomwa kijijini, bibi mmoja alisimama akanionyesha viganja vyake. Niliandika upya kurasa nzima, na tangu siku hiyo sihesabu habari yoyote ya kazi ya shamba kuwa imekamilika kabla sijawasikia wanawake.

Juu ya takwimu nitasema machache. Kila idadi iandikwe pamoja na mwaka wake na mipaka yake. Sensa ya 2012 iliihesabu wilaya ya Lushoto kuwa na watu 492,441, na idadi hiyo ilijumuisha Bumbuli, ambayo sasa ina halmashauri yake. Anayechukua idadi ya halmashauri ya Lushoto ya leo na kuilinganisha na ile bila kusema hivyo ataonekana kugundua kwamba watu wametoweka.

Wilaya usiyoweza kuifikia

Mwalimu anaweza kuuliza kama njia hii inafaa kwa mahali ambapo hatuwezi kupanda basi kwenda. Inafaa, ikiwa utafuata mpango ule ule. Chukua Şavşat, wilaya ya milima na misitu katika mkoa wa Artvin, kaskazini mashariki mwa Uturuki, inayopakana na Georgia.

Upepo wa huko hutoka Bahari Nyeusi. Pwani ya Rize, inayoupokea kwanza, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na hulima chai, kama Amani na Bulwa zinavyolima chai kwa sababu ile ile. Nyuma ya milima, bonde la Mto Çoruh ni kavu kiasi kwamba mizeituni hustawi ndani yake. Şavşat iko ndani zaidi na juu zaidi, na misitu yake ni ya misonobari na jamaa zake, miti ambayo majani yake ni kama sindano na inayovumilia theluji. Hapa acha masika na vuli. Mwaka wa mkulima wa huko hugawanywa na theluji. Wakati wa kiangazi familia hupeleka ng'ombe katika malisho ya juu yaitwayo yayla, na baridi inapokaribia huwarudisha bondeni katika nyumba za magogo. Linganisha jambo hilo na mashamba mawili ya Mshambaa, juu na chini. Ni akili ile ile ya kuishi na mlima, iliyozaa desturi mbili tofauti.

Katika majina, utakuta kwamba nchi hii iliitwa Shavsheti wakati ilipokuwa sehemu ya falme za Kigeorgia, na kanisa la Tbeti, lililojengwa katika karne ya 10, limebaki gofu kama shahidi wa enzi hizo. Milki ya Osmani iliichukua katika karne ya 16, Urusi ikaipata baada ya vita vya 1877 na 1878, na mikataba ya 1921 ikaiacha upande wa Uturuki. Katika karne ya 20 majina mengi ya vijiji yalibadilishwa kuwa ya Kituruki, kwa hiyo mtafiti lazima ashike majina mawili ya kila kijiji, kama sisi tunavyoshika Lushoto na Wilhelmstal. Ukiuliza ni nani aliyeamua juu ya msitu, utaikuta sheria ya 1945 iliyotaifisha misitu mingi ya watu binafsi, na utaikuta hifadhi ya taifa ya Karagöl-Sahara iliyotangazwa mwaka 1994. Ukiuliza watu wamekwenda wapi, utaambiwa kwamba vijana wengi wamehamia miji mikubwa kama Istanbul, na swali hilo hilo linaulizwa leo Mtae.

Kitu kimoja tu utakikosa, nacho ni sauti ya mzee. Kwa hiyo maelezo yako juu ya Şavşat yawe mafupi na ya unyenyekevu kuliko yale ya Usambara.

Kuandika, kisha kurudisha

Unapoketi kuandika, panga habari kufuata mteremko, na miaka ifuate nyuma. Anza juu msituni, teremka mashambani, fika ukingoni, malizia tambarare penye reli na barabara, na katika kila ngazi eleza nani alikuwapo na nini kilibadilika. Mpango huu humlazimisha mwandishi kuunganisha mvua na utawala katika kila ukurasa, na humsaidia msomaji wa kijijini kujua mara moja yuko wapi. Weka ramani uliyoichora kwa mkono, hata ikiwa si nzuri sana. Tumia majina ya Kishambaa ya miti na mahali kama yanavyotamkwa, na ueleze maana yake mara moja tu. Misitu midogo ya mizimu na makaburi ya watawala uyataje kwa kiasi ambacho wenyewe wamekuruhusu, bila kuchora njia ya kuyafikia.

Rasimu ikikamilika, irudishe. Waombe mwenyekiti na wazee wakutane, usome kwa sauti, polepole, na uache karatasi na kalamu mezani kwa ajili ya masahihisho. Andika tarehe ya usomaji huo katika ukurasa wa kwanza. Nakala moja iache katika ofisi ya kata, moja katika shule ya karibu, na moja uilete maktaba ya mkoa hapa Tanga, ili mtoto wa Ngamiani naye aweze kusoma maji yake yanatoka wapi.